Nyumba Njema si Mlango: Safari ya Kutazama Uani Dodoma

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Baada ya safari niliyoifanya Dodoma hivi karibuni, ningeomba ruhusa ya kuwaongezea wahenga neno moja: ukishaingia ndani usikae, bali pita ukumbini, fungua mlango wa nyuma, utoke mpaka uani. Huko ndiko utakakoijua nyumba, na huko ndiko utakakowajua wenyewe.

Safari yangu ilitokana na tangazo la maneno machache ambalo dalali mmoja alimpelekea mdogo wangu: "Nyumba inauzwa Kikuyu, Dodoma. Vyumba sita, maji na umeme. Kiwanja kikubwa. Uani panatosha kujenga nyumba ya pili." Mdogo wangu ni mtumishi wa serikali. Ofisi yao ilipohamishiwa Dodoma naye alihama pamoja na mkewe na watoto wao, na tangu hapo wamekuwa wakiishi katika vyumba viwili vya kupanga. Alipolisoma tangazo lile macho yake hayakusimama penye vyumba sita. Yalisimama penye maneno ya mwisho.

Sababu ni mama yetu. Mama anaishi Mpwapwa, peke yake tangu baba alipofariki. Magoti yamechoka, maji yako mbali, na kila mwaka tunamwomba aje mjini akae nasi. Kila mwaka hutujibu neno lile lile: "Sitaki chumba katika nyumba ya mkwe wangu. Nataka mlango wangu." Si kwamba hapatani na wakwe zake. Ni kwamba mwanamke aliyepika katika jiko lake mwenyewe kwa miaka hamsini hawezi kujifunza uzeeni kuomba chumvi.

Basi katika neno "uani" mdogo wangu aliona jawabu. Lakini aliona pia jambo la pili, wala hakunificha. Kikuyu kuna wanafunzi wa chuo kikuu wanaotafuta vyumba vya kupanga, na mkopo wa nyumba hulipwa kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Ua ulikuwa mmoja, na matumaini yalikuwa mawili. Aliniomba mimi kaka yake nipande nikawe jicho la tatu, pamoja na lake na la shemeji.

GARI MOSHI LISILO NA MOSHI

Niliondoka Dar es Salaam kwa treni ya umeme, ile iliyozinduliwa rasmi Agosti 1, 2024. Sisi tuliokulia kandokando ya Reli ya Kati tunaikumbuka safari ya Dodoma kuwa ya usiku kucha: vikapu vya machungwa ya Morogoro, watoto waliolala juu ya mizigo, na makarai ya vyakula yakipitishwa madirishani. Siku hizi safari hiyo haitimizi hata saa nne. Lakini nchi yenyewe haijabadili mwendo wake. Ukiyapita mahandaki ya milima ya Kilosa, ukijani hubaki nyuma, na taratibu ardhi hugeuka kuwa nyekundu na kijivu. Ufikapo Gulwe, ambako sisi tulikuwa tukishukia kwenda Mpwapwa, mibuyu imekwisha kuanza kusimama mmoja mmoja kama wazee wanaosubiri baraza lifunguliwe.

Uwanda huu wa kati uko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua yake ni haba, yapata milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua na upepo wenye vumbi. Nchi ya namna hiyo iliwafundisha wenyeji wake namna yao ya kujenga. Wagogo walijenga tembe: nyumba ndefu ya kimo kifupi, yenye kuta za miti na udongo, na paa bapa la nguzo na fito lililofunikwa kwa nyasi na udongo. Tembe lilipinda kona na kuuzunguka ua, na katikati ya ua walilala ng'ombe. Kila mke alikuwa na sehemu yake, na jiko lake, na akiba yake ya nafaka. Kijana alipooa, tembe liliongezwa upande mmoja, na bibi arusi akapata pa kuweka chungu chake.

Mama yetu alizaliwa katika tembe. Niliwahi kumwuliza ilikuwaje watu wengi wakae chini ya paa moja bila kugombana. Alicheka. "Waligombana sana," alisema. "Lakini kila mmoja alikuwa na pa kurudi. Kwetu nyumba haikuwa ikimalizika, ilikuwa ikiongezwa."

Wakati wa Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu walihamia katika vijiji vya ujamaa. Matembe mengi yaliachwa, na nyumba za mgongo zenye kuta za tofali na mapaa ya bati zikachukua nafasi yake kidogo kidogo. Hata hivyo fikra ya tembe haikufa. Ingia katika ua wa nyumba yoyote ya zamani mjini Dodoma, nawe utaiona: chumba cha kijana, jiko la bibi, banda la mpangaji, vyote vikitazamana.

MJI ULIOJENGWA KWA NAFASI

Kwa nini nyumba za zamani za Dodoma zina nyua kubwa? Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo kila mtu aliijua kwa herufi zake tatu, CDA. Ramani kuu ya mji ilitayarishwa na wataalamu kutoka Toronto, Kanada, na ikakamilika mwaka 1976. Ramani hiyo haikutaka mji wa maghorofa yaliyosongamana. Ilitaka mji mpana wenye miti, njia za waendao kwa miguu, na makazi yaliyogawanywa katika jumuiya ndogo ndogo ambamo jirani anamjua jirani.

Utekelezaji ulikwenda polepole. Vita vya Kagera na hali ngumu ya uchumi iliyofuata vilichukua fedha nyingi. Aliyepewa kiwanja katika miaka ya 1980 alijenga nyumba yake mbele, na nyuma akaacha nafasi ya kuku, ya mzabibu na ya watoto. Mji ulikuwa mdogo, wala hakuna aliyeuhesabu ule ua kuwa mali.

Kisha mambo yakaenda kwa kasi. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali yote itahamia Dodoma. Mei 2017 aliivunja CDA, na shughuli zake zikakabidhiwa halmashauri. Aprili 26, 2018 Dodoma ilitangazwa kuwa jiji, na Oktoba 2019 Rais mwenyewe akahamia. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 410,956 katika eneo la halmashauri ya Dodoma, na ile ya mwaka 2022 ikawahesabu 765,179. Katika miaka kumi tu, mahali palipolala watu wawili panahitaji kulala karibu wanne.

Hesabu hiyo inaeleza kila kitu. Viwanja vipya viko mbali, huko Nala, Iyumbu, Nzuguni na Mtumba penye Mji wa Serikali. Mtu anayetaka kukaa karibu na soko, hospitali na stesheni hutafuta nyumba kuukuu katika mtaa wa zamani. Dalali naye amejifunza kuuza kitu ambacho zamani kilitolewa bure, yaani nafasi iliyo nyuma ya nyumba.

TULIPOFIKA KIKUYU

Tulifika Kikuyu Jumamosi asubuhi tukiwa watu watano: mdogo wangu, shemeji, dalali, mimi, na fundi mwashi tuliyemlipa posho ya nusu siku. Mtu asinunue nyumba bila fundi, kama vile asivyonunua ng'ombe bila mchungaji.

Mtaa huu una heshima yake. Hapa ndipo ilipokuwa shule ya sekondari ya Mazengo, na mahali pake tangu mwaka 2007 pana Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Hapa pia ndipo simulizi ya wenyeji inapomweka yule tembo aliyeshuka kunywa maji katika kijito cha Kikuyu, akadidimia matopeni asitoke. Inasemekana waliomwona walitamka kwa Kigogo "idodomya", yaani amezama, na mji ukapata jina.

Fundi wetu aliisikiliza hadithi hiyo kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Mji ulioitwa kwa kuzama kwa tembo," alisema, "mnunuzi aanze kwa kuuliza udongo." Alieleza kwamba Dodoma ina udongo wa namna nyingi. Ule mwekundu wenye mchanga hubeba nyumba vizuri. Ule mweusi wa mbugani hunywa maji ukafura wakati wa masika, na ukikauka hupasuka, nao huipasua pamoja nao nyumba iliyojengwa juu ya msingi mfupi. Juu ya hayo, uwanda huu uko katika Bonde la Ufa, na ardhi hutikisika mara kwa mara. Kwa hiyo nyumba ya nyuma isijengwe ovyo eti kwa kuwa ni ndogo. Nayo inastahili msingi wake, nondo zake na lenta inayozunguka kuta zote.

Mwenye nyumba alitupokea mlangoni. Ni mzee mstaafu wa reli, aliyeanza kazi wakati wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, akaimaliza baada ya shirika hilo kuvunjika mwaka 1977 na sisi kuwa na letu. "Mbukwenyi," alitusalimu. Sisi vijana wa Mpwapwa tuliitikia kwa furaha, na uso wake ukafunguka.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Kiswahili ya kawaida: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule. Sakafu ilikuwa nyekundu na iling'aa kwa kusuguliwa. Fundi alipitisha kidole penye nyufa mbili za ukuta, akatikisa kichwa kidogo, akaendelea. Dalali alizungumza muda wote. Kisha mlango wa nyuma ulifunguliwa, tukatoka kwenye mwanga.

Nilipima kwa miguu: hatua ishirini na sita kwa hatua kumi na nane. Palikuwa na mwarobaini mkubwa upande wa magharibi, na mzabibu uliopandishwa juu ya miti mpaka ukawa kivuli. Mizabibu ya Dodoma huzaa mara mbili kwa mwaka, na huu ulikuwa na vichala vichanga. Palikuwa na pipa la maji, kuku na kamba ya nguo. Na mwisho kabisa wa ua palikuwa na banda la vyumba viwili lenye milango ya rangi ya samawati, kizingiti kimefagiliwa, na viatu vidogo vya shule vimeanikwa juani.

"Hilo banda msilitie maanani," alisema dalali. "Litaondoka. Hapa panaingia nyumba nzima ya vyumba vitatu, tena na choo chake ndani."

Fundi alianza kazi yake, nasi tulijifunza mengi kwa kumfuata. Kwanza alitazama upenu wa ubavuni mwa nyumba. Mkokoteni ungepita na lori lisingepita, kwa hiyo kila tofali lingeshushwa barabarani na kubebwa, na gharama hiyo huongezwa katika hesabu. Zaidi ya hayo, mkaaji wa nyuma angepita humo kila siku. Pasipo njia ya ubavuni, mgeni wa nyumba ya pili hana budi kupita ukumbini mwa nyumba ya kwanza, na ugomvi huanza mwezi wa kwanza. Pili aliuliza lilipo shimo la choo. Lilikuwa mahali pale pale ambapo dalali alikuwa akipaonyesha kwa mkono kuwa ndipo patakapokaa sebule. Tatu alitazama mteremko, kwani maji ya mvua ya paa la mbele yalikuwa yakikimbilia nyuma.

Kuhusu maji alitufanyia hesabu moja ambayo kila familia ya Dodoma ingefaa kuijua. Paa la mita za mraba 100, katika mwaka wa mvua ya milimita 570, hupokea lita 57,000. Hata theluthi moja ikipotea, zinabaki lita 38,000. Katika mji ambao maji ya bomba hugawiwa kwa zamu na visima vingi vina chumvi, mwenye nyumba mbili ana mapaa mawili, na mwenye mapaa mawili bila mifereji wala tangi anamwaga mali yake mchangani.

KARATASI ZA MZEE

Tuliketi chini ya mzabibu. Binti wa mzee, mama wa wenye viatu vile, alitoka katika banda akatuletea maji ya kunywa, akatoa heshima, akarudi ndani bila neno. Mzee akafungua bahasha.

Barua ya kiwanja ilikuwepo, na risiti zake zote, zimefungwa kwa uzi. Mkataba wake wa ardhi ulitolewa na CDA mwaka 1984. Hapo ndipo mdogo wangu alipotulia na kusoma mara mbili. Hati za CDA zilikuwa za miaka 33. Anayejua kujumlisha ataona kwamba ile ya mzee ilifika kikomo mwaka 2017, mwaka ule ule CDA ilipovunjwa. Tangu hapo wakazi wa Dodoma huweza kupewa hati za miaka 99 kama wenzao wa miji mingine, lakini hati mpya haiji yenyewe. Huombwa na hulipiwa. Mzee hakuwa ameiomba. Nyumba haikuwa imepotea, lakini benki isingekubali kutoa mkopo juu ya karatasi ile, na mnunuzi mwenye busara asingetoa fedha zake kabla ya jambo hilo kurekebishwa na upekuzi kufanyika katika ofisi ya msajili wa hati.

Kwa hiyo msomaji, usiseme "ana hati" ukatosheka. Uliza ni hati ya nani, ya mwaka gani, na ya miaka mingapi. Kisha uliza swali ambalo shemeji yangu aliliuliza siku ile, ambalo sisi wanaume wanne hatukuwa tumelikumbuka.

Mke wa mzee alikuwa ameketi kwenye mkeka kando, akichambua mlenda. Shemeji alikwenda akapiga goti karibu naye. "Bibi," alimwambia, "nyumba ikishauzwa mnategemea kuhamia wapi?"

"Muulize mwenye tangazo," alijibu bibi bila kuinua macho.

"Kwani ninyi hamkuulizwa, Bibi?"

"Niliulizwa kama chai iko tayari."

Hatukucheka. Mzee alikohoa. Alieleza kwamba nyumba imekuwa kubwa kuliko nguvu zao, kwamba macho yake yanahitaji matibabu, kwamba kodi ya ardhi imelimbikizana, na kwamba alifikiri wakirudi kijijini watapata pumziko. Alisema kweli, na mtu asimlaumu. Mzee anayeuza nyumba huwa hauzi kwa furaha.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Tofali hizi tulizifyatua hapa hapa, na maji ya kufyatulia niliyabeba mimi kwa kichwa. Huyu mtoto aliporudi, ndoa yake imevunjika, hakuomba chumba ndani. Alicheza upatu miaka mitatu akajenga vile vyumba viwili kwa fedha zake. Sasa nyinyi mmekuja kununua uani. Nawauliza, yeye yumo katika bei au hayumo?"

Dalali alisema mambo ya familia yatamalizwa baadaye, na hapo hapo akaipunguza bei. Ilikuwa punguzo kubwa. Nilimtazama mdogo wangu, nikamwona anapiga hesabu kimoyomoyo, na sikujua angejibu nini. Kwa miaka minne alikuwa amelipa kodi katika vyumba viwili. Mama alikuwa akisubiri Mpwapwa. Na hapa palikuwa na ua.

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha alizikunja karatasi, akazirudisha katika bahasha, akampa mzee kwa mikono miwili. "Baba," alisema, "kaeni kwanza. Mkishakubaliana nyote, mtatuita."

SHERIA NA UTU

Sheria haikuwa mbali na swali la bibi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa, kuiweka rehani au kuipangisha bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Anayenunua kwa mume peke yake huku mke ameketi mkekani ananunua kesi.

Habari ya binti ni ngumu zaidi, nayo inazihusu familia nyingi. Kiwanja kimoja kina hati moja. Chumba kilichojengwa uani kwa fedha ya mtoto kimekaa juu ya ardhi ya mzazi, na ardhi ikiuzwa au ikirithiwa, chumba huifuata ardhi. Kijana aliyejenga nyuma ya nyumba ya baba yake kwa kuaminiana tu hushangaa siku ya mirathi anapoambiwa kwamba kuta zake ni za wote. Si vibaya kujenga kwa kuaminiana. Lakini makubaliano yaandikwe wakati watu wangali wanacheka pamoja: nani amejenga, kwa fedha gani, atakaa hadi lini, na atalipwa nini nyumba ikiuzwa. Wawepo mashahidi, na nakala ikae na kila mmoja. Vilevile nyumba ya pili ni jengo kamili mbele ya sheria, na kibali cha ujenzi huombwa halmashauri kabla ya kuchimba msingi.

Jioni ile tulikaa barazani kwa mdogo wangu. Shemeji alipakua ugali wa uwele na mlenda. Tukaanza kuzungumza juu ya wanafunzi na mama, jambo ambalo tulikuwa tumeliepuka njia nzima. Nilimwuliza waziwazi: ua ukipatikana, utamjengea nani kwanza?

"Mpaka leo asubuhi ningekwambia wanafunzi," alijibu, "na mama ningemwambia asubiri mwaka mmoja, na mwaka mmoja ungekuwa mitano. Lakini nililiona lile banda, kaka, nikaisikia ile sauti inasema msilitie maanani. Nikafikiri, siku moja mtu atasimama uani kwangu aseme hivyo juu ya nyumba ya mama."

Shemeji alisema kwa upole kwamba hata yeye siku moja atakuwa mama mkwe.

Baada ya majuma matatu simu ya mzee ilikuja. Walikuwa wamekaa, yeye, mkewe na watoto wao wote, wengine kwa simu kutoka mbali. Hawauzi. Watoto watachanga fedha za matibabu ya macho na za kuomba hati mpya, na itaandikwa kwa majina ya mzee na bibi. Binti ataongeza vyumba viwili karibu na vyake apangishe wanafunzi, na makubaliano yameandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Ule ua ambao sisi tulikwenda kuununua uligeuka kuwa pensheni yao. Mzee alituomba radhi kwa kutusumbua. Mdogo wangu alimwambia kwamba hakuna usumbufu, na nadhani alisema kweli, ingawa alikuwa na huzuni.

Yeye sasa amenunua kiwanja kilichopimwa huko Nala, upande wa barabara ya Singida. Ni mbali na ofisi, vumbi ni jingi, na mti hakuna hata mmoja. Lakini bikoni zake zinaonekana, na hati itakuwa yake na ya shemeji kwa pamoja. Amefanya kama wafanyavyo wafanyakazi wengi wasio na fedha za mkupuo: ameanza na nyumba ndogo ya nyuma, ili ile kubwa ijengwe polepole mbele yake. Tofauti ni kwamba wengi huanza na nyumba ya uani wakaitumia kama kituo cha kusubiri, kisha huigeuza stoo. Yeye amechora zote mbili katika ramani moja, akaombea kibali zote mbili, na juu ya ile ndogo akaandika neno moja: Mama.

Mwezi uliopita tulimleta Mama kutoka Mpwapwa auone msingi. Alivuka kamba ya fundi kwa taabu, akiegemea bega la mjukuu wake, akasimama mahali ambapo pangekuwa kizingiti. Alitazama vilima, akatazama upepo unakotoka. Kisha akauliza jiko la mkwe wake litakuwa upande gani, na shemeji akamwonyesha kwa mkono.

"Basi mlango wangu uelekee huko," alisema Mama.